Mpunga wetu wa bondeni unakauka ncha: tufuate njia ya Mwea, tumwage jivu, au tuuze shamba?

"Assalaam aleikum mtaalamu. Mimi naishi Likoni lakini kwetu ni Vanga, na mamangu bado analima mpunga kwenye ekari mbili alizoachiwa na babake, karibu na mto Umba. Zamani tulikuwa tukila mchele wetu mwaka mzima na mwingine tukiuza. Sasa ni msimu wa tatu, sehemu ya chini inayoelekea bahari majani yanakauka ncha na kuwa meupe, na masuke yakitoka ni makapi matupu. Sehemu ya juu ina nafuu, lakini mvua nayo haieleweki: mwaka huu tumeotesha kitalu mara mbili kwa sababu mvua ya kwanza ilitudanganya. Kijana mmoja aliyetoka Mwea ametuambia tuache kujaza maji majaruba, tuwe tunayakausha na kuyarudisha, na tupande mche mmoja mmoja ungali mdogo. Jirani anasema tumwage jivu na chokaa kuua chumvi. Kuna muuzaji anatuletea mbegu anayosema haiogopi chumvi. Kaka yangu anataka tuuze. Mimi ndiye ninayetuma pesa. Nizitume kwa kazi gani hasa? Mama hataki hata kusikia habari ya kuacha mpunga."

Waaleikum salaam dada yangu, na mpe mama shikamoo yangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Mmepewa ushauri na watu wanne, na ninavyoona mimi karibu wote wana ukweli fulani, ila kila mmoja anazungumzia shamba tofauti na lenu. Hizo ekari mbili si shamba moja tena. Ni mashamba mawili yaliyogawanywa na maji: la juu linalosumbuliwa na mvua, na la chini linalosumbuliwa na bahari. Dawa ya moja ni sumu ya jingine. Mkilitia lote dawa moja, iwe ya Mwea au ya jirani, mtapoteza pesa na mama atapoteza msimu mwingine.

Kabla hatujailaumu chumvi, tuhakikishe ni yeye. Mwambie mama, au yeyote aliye shambani, ashike suke moja jeupe na kulivuta polepole kwenda juu. Likichomoka kwa wepisi, na chini yake kuna alama ya kutafunwa au unga unga, huyo ni funza wa shina, na hapo chumvi haina kesi. Likishikilia bua, aangalie majani. Chumvi huanza na majani ya zamani, yale ya chini: ncha inakuwa nyeupe au kahawia, kisha ukavu unateremka kuelekea shinani, na majani machanga ya katikati yanabaki kijani kwa muda. Shamba lenyewe huwa na mabaka, hapa mpunga umesimama vizuri, hatua tano mbele umedumaa. Na siku za kiangazi udongo uliokauka huwa na ukungu mweupe juu, kama ule unaobaki kwenye shati jeusi la mtu aliyetoka jasho siku nzima. Kwa ulivyoeleza, ncha nyeupe, makapi, na upande wa bahari tu, nina yakini kubwa kwamba ni chumvi. Lakini jaribio la suke halina gharama, basi lifanyeni.

Sasa, chumvi imeingiaje mahali ambapo babu alilima bila shida? Mambo mawili yamekutana. La kwanza ni bahari yenyewe. Tangu mwaka 1901 hadi 2018 uso wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, yaani karibu shibiri moja, na kasi yake imekuwa ikiongezeka. Shibiri moja ukiipima ukutani ni kitu kidogo. Katika bonde tambarare kama lenu, ambapo tuta la jaruba halifiki hata goti, shibiri hiyo ndiyo tofauti kati ya bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida) linaloishia kwenye mikoko na bamvua linalopanda mpaka kwenye mpunga.

La pili ni mto. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi, kwa hiyo bahari inapojaa haiji juu juu tu, inapenya chini ya maji ya mto kama ulimi na kupanda bara. Kinachoirudisha nyuma ni nguvu ya mto. Umba unateremka kutoka milima ya Usambara, upande wa Tanzania. Mvua ikikosekana kule, mto unakuja Vanga ukiwa mnyonge, na bahari inapanda mbali zaidi. Kumbuka kiangazi kilichoanza mwishoni mwa 2020: misimu mitano ya mvua mfululizo ikawa hafifu mpaka mwisho wa 2022 katika sehemu kubwa ya Kenya yetu na jirani zetu wa Somalia na Ethiopia. Kisha vuli ya 2023 ikaja El Niño na mafuriko. Mkulima wa bondeni anapigwa na yote mawili, ukame unaoiita bahari na mafuriko yanayobomoa tuta lililokuwa likiizuia.

Chumvi ikishafika kwenye mizizi hufanya kazi yake kwa hatua mbili. Kwanza mpunga unapata kiu huku umesimama majini, kwa sababu maji yenye chumvi yanavutana na mizizi na hayakubali kuingia kirahisi. Ni hali ya baharia aliyezungukwa na maji asiyoweza kunywa. Baadaye chumvi iliyopenya inarundikana kwenye majani na kuyaua. Na zao hili ni dhaifu kwa chumvi kuliko watu wanavyodhani. Kipimo cha chumvi cha wataalamu kinaitwa desisiemensi kwa mita. Maji ya bahari yana kama 50, ilhali mpunga huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo inapopita 3 tu. Kila kipimo kimoja kinachoongezeka hapo huondoa takriban asilimia 12 ya mavuno, kwa hiyo udongo ukifika 7 hivi, nusu ya mpunga imekwenda.

Ukitaka kuielewa hiyo 3 kwa ulimi wako, chukua lita moja ya maji matamu ya chupa (si ya kisima cha Likoni, mengi yana chumvi yake tayari), tia theluthi ya kijiko cha chai cha chumvi, koroga, onja. Utasikia ukolezi mdogo tu, wa kumeza bila kukunja uso. Mpunga umeshaanza kuumia hapo. Kwa hiyo mtu akiwaambia "maji haya nimeyaonja, si ya chumvi," msimuamini sana. Kipimo cha mkononi cha chumvi ya maji ni kidogo kama kalamu nene, na kikundi cha wakulima kinaweza kuchangia kimoja. Ukiniuliza pesa ya kwanza iende wapi, jibu langu ni hapo.

Nije kwa yule kijana wa Mwea. Hakuwadanganya. Kule, mpunga wa pishori unalimwa kwa maji ya mifereji, na tangu 2009 wakulima wengi wamejifunza kupandikiza mche mmoja wa siku 8 hadi 12 hivi, kwa nafasi pana, na kuacha jaruba likauke kidogo kabla ya kurudisha maji. Njia hiyo huokoa maji na mbegu, na mizizi hushuka chini kwa nguvu. Pia inavunja imani ya zamani kwamba mpunga lazima uogelee muda wote. Mpunga hustahimili maji kwa kuwa mashina yake yana njia za kupitisha hewa hadi mizizini. Sehemu kubwa ya faida ya kujaza maji ni kuzuia magugu.

Lakini Mwea haina bahari. Kwenye udongo wenye chumvi, ukikausha jaruba jua linanyonya maji kutoka chini kwenda juu, maji yanapaa, chumvi inabaki palepale penye mizizi. Nililiona hili mapema katika kazi yangu, na bado linaniuma. Nilimshauri mzee mmoja kwenye bonde la pwani akaushe majaruba yake kwa wiki moja, kama nilivyokuwa nimesoma. Niliporudi, udongo ulikuwa umepasuka vipande kama magamba, kila kipande na ukingo mweupe, na mpunga ulikuwa umekunja majani kama sindano. Mzee hakunigombeza. Alichukua kipande kimoja cha udongo, akakilamba, akanipa nami nilambe. Tangu siku hiyo sitoi ushauri wa maji kabla ya kupima chumvi.

Kwa hiyo sehemu ya chini isikaushwe mpunga ukiwa shambani. Ibaki na tabaka la maji baridi, hata kama ni vidole vitatu tu. Na miche ya siku kumi isipelekwe kule kabisa. Mpunga una vipindi viwili vya udhaifu mbele ya chumvi: utotoni, na kuanzia suke linapotunga tumboni hadi linapochanua. Katikati hapo huwa mvumilivu. Oteshea kitalu sehemu ya juu kwenye maji matamu, na uhamishe miche ikiwa imekomaa, siku 30 hivi, mitatu au minne kwa shimo, kwa nafasi ya kubanana kidogo kwa sababu haitachipua sana. Ni kinyume kabisa na alivyosema kijana, na kila mmoja ana haki mahali pake.

Jivu na chokaa, hapana. Jivu la kuni lenyewe lina chumvichumvi, unamwagia moto mafuta. Chokaa hutibu udongo wenye asidi. Kuna madini ya jasi ambayo husaidia udongo ulioharibiwa na sodiamu, ule unaoganda kama saruji na kukataa kupitisha maji, lakini hata hiyo hutiwa baada ya kupima maabara, na bila maji matamu ya kuosha haifanyi lolote. Chumvi haiuawi. Huondolewa kwa kuoshwa tu, iyeyuke na kutoka nje ya shamba.

Na kuosha mnaweza, kwa sababu masika inawaletea maji bure. Mvua kubwa za kwanza zikinyesha, msikimbilie kupandikiza. Yafungieni maji majarubani siku mbili tatu yayeyushe chumvi, halafu yafungulieni yatoke bahari inapokupwa. Rudieni mara mbili au tatu. Mama ataona anapoteza maji ya thamani, na moyo utamuuma, lakini maji hayo yanatoka na mzigo. Kisha ndipo mpande. Kama mnavuta maji ya mto kwa pampu, vuteni maji yakiwa yamekupwa mpaka chini, kamwe si yakiwa yamejaa, na siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, muwe waangalifu maradufu. Kalenda ya mvuvi inamfaa mkulima wa bondeni. Majirani zetu Wapokomo wa delta ya Tana wanaijua elimu hii tangu enzi: bahari inapojaa, huyasukuma nyuma maji baridi ya mto yakapanda mashambani, na wao huyapokea hayo kabla chumvi haijafika.

Tuta la upande wa bahari ndilo litakalokula pesa yako nyingi, na hapa sitaki nikufariji kwa uongo. Tuta la familia moja halitoshi. Bahari itazunguka na kuingilia kwa jirani. Linalofanya kazi ni tuta la pamoja, lililoshindiliwa, lenye bomba la kutolea maji ambalo mlango wake hufunguka kwa nje maji yakikupwa na kujifunga lenyewe maji yakijaa. Mlango huo ni kifuniko chenye bawaba tu, lakini ukiwekwa vibaya au kwa kina kisichofaa unageuka mtego wa chumvi. Kazi hii inataka mhandisi wa maji wa kaunti aje apime kwa macho yake, na mto ukiguswa kuna ruhusa ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na tafadhali, mikoko iliyo mbele ya tuta isikatwe hata mti mmoja. Mizizi yake ndiyo inayovunja nguvu ya maji kabla hayajalifikia.

Kuhusu muuzaji wa mbegu, sikiliza kwa makini. Mpunga unaovumilia chumvi upo kweli. Pokkali wa Kerala, India, umelimwa kwenye maji ya chumvi kwa vizazi, na watafiti wameutumia kuzalisha mbegu nyingine. Lakini hakuna mpunga usioogopa chumvi. Ule bora zaidi huvumilia tu, huongeza kipimo kidogo juu ya ile 3, na hausimami mbele ya bamvua. Muulize muuzaji jina la mbegu, na uangalie kama mfuko una lebo ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Asipokuwa na jina wala lebo, asikupotezee muda. Akiwa navyo, jaribuni jaruba moja dogo msimu mmoja kabla ya kununua za ekari nzima.

Sehemu ya juu hainitii hofu hivyo. Shida yake ni ratiba ya mvua, na hapo jambo la kwanza ni muda ambao mpunga unakaa shambani. Supa ana harufu na bei, na najua Mombasa hakuna atakayekuuliza mara mbili ukimletea mchele wa biriani wenye kunukia, lakini hukaa miezi minne na zaidi. Mvua ikichelewa mwanzoni na kukatika mapema, anakamatwa na ukame akiwa na mimba ya suke. NERICA, iliyozalishwa miaka ya 1990 kwa kuchanganya mpunga wa Afrika na wa Asia, huvunwa kwa miezi mitatu na kidogo na inamudu shamba la mvua; wali wake haunukii kama wa Supa, na ndege huufuata mapema kwa kuwa unakomaa peke yake bondeni, kwa hiyo watoto wa kulinda ndege watahitajika. Kuna pia Komboka, yenye harufu kiasi na mavuno mazuri penye maji ya uhakika. Mimi ningegawanya: nusu ya sehemu hiyo mbegu ya muda mfupi kwa ajili ya chakula cha nyumbani, nusu Supa kwa ajili ya soko. Msimu mbaya utakula nusu moja na kuacha nyingine.

Kitalu nacho kigawanywe. Mvua ya kwanza ya mwisho wa Machi mara nyingi ni ya kupita tu, na mbegu zikiota zote kwa mkupuo mmoja, wiki mbili za jua zinazimaliza. Oteshea nusu ya mbegu mvua ikishika, nusu nyingine baada ya siku kumi hivi. Fuatilieni utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa, lakini kwa sababu mto wenu unaanzia Usambara, sikilizeni pia wanachosema wenzao wa Tanzania kuhusu mkoa wa Tanga. Mvua ya kule ndiyo inayofika kwenu kupitia mto.

Na njia ya Mwea? Sehemu ya juu, mkipima na kukuta chumvi iko chini, jaribuni, kwa sharti moja: muwe na uwezo wa kurudisha maji mnapoyataka. Chukueni kipande cha bomba la plastiki cha sentimita 30, kitobolewe matundu nusu ya chini, kizikwe sentimita 15 ardhini. Ukichungulia ndani unaona maji yamefika wapi chini ya udongo. Yakishuka sentimita 15, rudisha. Wiki moja kabla ya mpunga kuchanua na wiki moja baada yake, usikaushe hata kidogo. Asiye na pampu wala mfereji akikausha, huyo anaomba dua tu mvua irudi.

Umesema kaka anataka kuuza. Simlaumu, misimu mitatu ya makapi si mchezo. Ila ardhi isiuzwe kwa hasira ya msimu. Pimeni udongo wa chini mara mbili: mwisho wa kaskazi, Februari au Machi, chumvi ikiwa juu kabisa, na tena baada ya kuosha kwa mvua za kwanza. Ikishuka karibu na 4, pana mpunga hapo kwa kazi niliyoeleza. Ikibaki 7 au zaidi hata baada ya kuosha, na bamvua linaingia kila mwezi, basi kipande hicho mpunga umekiaga, na kumwambia mama ukweli huo ni heshima kwake. Kukiaga mpunga si lazima kuwe kukiuza. Minazi inavumilia chumvi. Bwawa la kufuga samaki wa mwatiko linataka maji hayohayo yanayoua mpunga, ingawa linahitaji mtaji na mtu wa kulilinda. Na kuacha mikoko irudi si hasara: hapo kwenu Vanga, Jimbo na Kiwegu mna mradi wa jamii wa kuuza hewa ya kaboni kwa kulinda mikoko, kama ule wa Gazi ulioanza 2013. Fedha zake huenda kwenye maji, shule na kazi za kijiji, haziji mfukoni mwa familia moja, kwa hiyo usiziweke kwenye hesabu ya nyumbani.

Msisubiri mkifikiri mambo yatatengemaa kama mnaona ukungu mweupe unapanda kuelekea sehemu ya juu, kama kisima cha nyumbani kimeanza kukolea, au kama udongo umekataa kabisa kupitisha maji. Hapo muoneni afisa wa kilimo wa wadi, naye awaunganishe na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, wana vituo Matuga na Mtwapa. Mkichukua udongo wa kupima, chimbeni mpaka sentimita 20, sehemu kama kumi kwa kupinda pinda shambani, mchanganye vizuri. Udongo wa chini na wa juu usichanganywe hata chembe. Mifuko miwili, majina mawili.

Na siku afisa atakapokuja, mama awepo. Kabla ya siku hiyo, tembea naye bondeni akuonyeshe bamvua liliishia wapi alipokuwa msichana, liliishia wapi ulipozaliwa wewe, na linaishia wapi sasa. Chomekeni mti kila mahali anaposimama, na mpime hatua kati ya mti na mti. Mhandisi atahitaji kujua hilo, na hakuna ofisi itakayokuwa na kumbukumbu hiyo isipokuwa yeye.